Nyumba ya Dobi: Gauni la Shangazi

Mgeni aliingia bila hodi, akafungua futi yake, akaniomba nisogee.

"Samahani dada. Sogea kidogo na hiyo pasi, niufikie ukuta."

Nilisogea. Ndivyo nilivyolelewa: mtu akikuomba kwa adabu, unasogea kwanza, unauliza baadaye. Alikuwa mtu mnene, kalamu ya seremala sikioni, viatu vyake safi mno kwa mtu anayepima kuta. Akapima upande wa meza ya pasi, akapima dirisha, akaugonga ukuta kwa vifundo vya vidole kama daktari anayesikiliza kifua.

"Huu utaanguka wote," alisema, akijiambia mwenyewe.

"Utaangushwa na nini?"

"Nyundo." Akacheka. "Hapa vitakaa vigae. Kule uani, kwenye kamba za nguo, maegesho ya magari. Wewe ni mpangaji?"

"Mimi ni mjukuu wa mwenye nyumba."

Futi ikajirudi ndani ya kasha lake kwa mlio. "Mjukuu," alisema. "Basi niliambiwa wajukuu wote wana habari."

Kwa anayekutana nami leo, nieleze kidogo. Nyumba yetu ni ya udobi. Babu aliijenga kwa kufua na kupiga pasi nguo za watu, akafa, Bibi akabaki nayo. Marehemu baba yangu alizaliwa humo, nami nimezaliwa humo, na wajukuu wadogo bado wanalala humo na kusomeshwa na mvuke wa pasi zake. Mimi nyumbani naitwa Msomi, kwa sifa na kwa kejeli kwa pamoja.

Mmekwisha kusikia jinsi Baba Mdogo, kitinda mimba wa Bibi, alivyouza tangi la maji, kisha mashine ya kukamulia nguo, kisha geti, tukawa tunaziba uwazi wa geti kwa shuka la mteja aliyehama. Mmesikia pia jinsi nilivyohudhuria semina ya bure ya mirathi nikarudi nimewaka moto, nikamshawishi Bibi aiweke nyumba chini ya dhamana ya familia kabla paa nalo halijapata mnunuzi. Maana yake ni nyepesi: nyumba inakuwa mali ya wajukuu, wadhamini wawili wanaishika kwa niaba yao, na hakuna wa kuiuza mpaka mdogo wao kabisa awe mtu mzima.

Wadhamini tulikuwa mimi na Shangazi. Niliandika karatasi zote kwa mkono wangu, nikampa Shangazi azipeleke ofisi ya ardhi pamoja na Bibi, kwa sababu siku hiyo nilikuwa na usaili wa kazi ya ualimu. Aliporudi sikumuuliza kama alizifikisha. Katika nyumba ya dobi hilo ni tusi. Mtu akisema "nimepokea," amepokea. Huwezi kumfuata nyuma kama kuku anayehesabiwa vifaranga.

"Nani amekuuzia?" nilimuuliza mtu wa futi.

"Mama mmoja. Mrefu, mpole, hana maneno mengi. Ana kovu la moto hapa." Akagusa mkono wake juu kidogo ya kifundo cha kiganja. "Kama pembe tatu."

Kovu hilo nalijua kuliko ninavyoijua saini yangu. Ni ncha ya pasi. Nilikuwa mtoto wa kutambaa, nikavuta waya, pasi ikateleza mezani, na Shangazi akaweka mkono wake pale kilipokuwa kichwa changu.

Nyuma yangu, kwenye ndoano ya mlango, lilining'inia gauni lake la harusi.

*

Alilileta Jumapili, limekunjwa ndani ya shuka. Baada ya miaka yote ya kupiga pasi nguo za maharusi wa wenzake, Shangazi alikuwa anaolewa, na fundi saa mmoja mjane, mtu mkimya kama yeye. Ndoa ilipangwa Ijumaa saa tano asubuhi kwa msajili.

"Dobi hajipigii pasi gauni lake mwenyewe," aliniambia. "Nipigie wewe. Asubuhi ileile, nilivae likiwa na joto. Na uniletee kwa mkono wako, usimtume mtu."

"Nimepokea," nilisema.

Tulicheka wote wawili. Nilikuwa na furaha kuliko bibi harusi.

Siku mtu wa futi alipokuja ilikuwa Alhamisi. Nilizima pasi, nikakimbia ofisi ya ardhi.

Karani alikuwa amevaa sweta na anakula karanga kutoka kwenye droo, moja moja, kana kwamba kuna mtu anayezihesabu. Nikampa namba ya kiwanja. Akapotea nyuma ya makabati, akarudi.

"Hati ya dhamana haipo."

"Tafuta tena tafadhali. Ililetwa na shangazi yangu."

"Binti, mimi natafuta kwa macho, sitafuti kwa matumaini." Akatafuna. "Kilicholetwa siku hiyo ni zawadi. Mama kampa binti yake nyumba. Mama ameweka dole gumba, binti ametia saini. Na juzi binti amemuuzia mtu wa vigae. Jina la mnunuzi linaingia Jumatatu asubuhi."

Nilishika ukingo wa dirisha lake.

"Bibi hakutoa zawadi. Bibi haoni vizuri. Aliambiwa zile ni karatasi za wajukuu."

Karani akaacha kutafuna. Naamini hapo ndipo aliponiangalia kwa mara ya kwanza. "Basi aje aseme hivyo. Yeye mwenyewe, kwa miguu yake. Na wewe uliyeandika ile dhamana uje naye na nakala yako, mwape pamoja. Hapo tunasimamisha kila kitu. Kesho tuna kikao, tunafungua saa nne. Saa sita tunafunga."

"Na tukichelewa?"

"Mtakwenda mahakamani."

"Mahakamani kunachukua muda gani?"

"Una watoto?"

"Sina."

"Ukipata, watamalizia wao."

*

Shangazi alikuwa amekwisha hamia vyumba viwili vya kupanga upande wa pili wa mji. Nilimkuta amekaa kitini, anapinda pazia, mapaja yake yamefunikwa na kitambaa. Ukutani kulikuwa na saa kubwa ya mbao, zawadi ya mchumba wake.

"Umekuja na uso wa mtihani," alisema. "Kaa."

"Mtu wa vigae amekuja kupima."

Sindano iliingia, ikatoka. "Nilimwambia aje Jumatatu."

Njia nzima nilikuwa nimemwandalia utetezi. Kwamba wamemdanganya, kwamba kuna mwanamke mwingine mrefu mwenye kovu. Nilitaka akane tu, hata uongo. Hakunipa hata huo.

"Shangazi, nilikupa zile karatasi mkononi. Ukasema umepokea."

"Nilisema."

"Bibi alikuuliza kama ndizo zile za wajukuu?"

"Aliniuliza."

"Ukamjibu nini?"

"Nilisema ndizo." Sindano ikasimama. "Hilo tu ndilo linaninyima usingizi. Mengine yote nalala nayo."

Sauti yangu ilikuwa inatetemeka, nami siipendi ikifanya hivyo, maana huwa nafanana na mtoto anayedai peremende. "Tulikuwa tunamfungia Baba Mdogo mlango. Mimi na wewe. Nilikuwa nalala vizuri kwa sababu mdhamini mwenzangu ni wewe."

"Mlimfungia mlango, mkanisahau nje pamoja naye." Akaweka pazia chini. "Ile karatasi yako uliisoma?"

"Niliiandika."

"Basi niambie. Wajukuu wana nyumba. Wadhamini wanaishika nyumba. Wapi pameandikwa mimi nitalala wapi?"

Kila kifungu nilikijua kwa moyo. Kulikuwa na kifungu cha ada za shule, cha ukarabati wa paa, hata cha kamba za nguo. Nilivipitia vyote kimoja kimoja, naye akanisubiri kwa subira yake ileile ya kunisubiri nimalize kusoma sentensi nikiwa darasa la kwanza.

"Ilikuwa inajulikana, Shangazi. Nani angekufukuza?"

"Inajulikana." Alitabasamu kidogo, bila furaha. "Kwenye nyumba ile tunatia alama hata soksi. Soksi za mchinjaji zina uzi wao. Leso za mwalimu mkuu zina uzi wao. Mimi ndiyo nikajulikana tu."

Niwaeleze alichosema. Kila mteja wetu ana alama ya uzi, rangi yake na mshono wake, tunaishonea ndani ya nguo mahali pasipoonekana. Nguo za sisi wa nyumbani hazina alama. Hazipotei, wapi zitakwenda?

"Ungeniambia," nilisema.

"Ulikuwa na furaha. Ulituita sote mezani ukasema, hii ni ya watoto wa watoto. Wote wakapiga makofi, nami nikapiga. Kila mtu pale alikuwa na wa kumwachia. Mimi mjukuu wangu ni pasi."

"Na wadogo zangu? Wao watalala wapi?"

Aliangalia dirishani. "Nitawatafutia kitu."

"Kitu gani? Vigae?"

Akaokota pazia, akatafuta sindano ilipoishia.

"Shangazi, rudisha. Mwambie yule mtu umeghairi. Tutaandika upya, jina lako likae juu kabisa."

"Kila mwaka mmekuwa mkiahidi kuanza upya, mama. Mwaka wa mashine, mwaka wa geti. Mimi nimeshapanga vyumba, nimeshampa mtu neno langu, na umri umekwenda. Sina muda wa kuanza tena kuwa mwema."

Nikasimama. Nilimwambia wazi kwamba kesho Bibi atakwenda ofisi ya ardhi kuweka pingamizi. Najua, msiniandikie barua. Mtu mjanja angenyamaza. Lakini sijui kumvizia mtu aliyenifundisha kufunga kamba za viatu.

"Nenda," alisema.

Nilipofika mlangoni akaniita.

"Msomi. Na gauni langu?"

Nilidhani nimesikia vibaya. "Leo hii unaniuliza gauni?"

"Ulisema umepokea."

*

Bibi alikuwa kwenye kigoda chake, anaoanisha soksi za wateja kwa kuzipapasa. Mtoto wa jicho amemfunika macho yote mawili, lakini vidole vyake havijawahi kumpa mtu soksi isiyo yake. Nilikaa sakafuni nikamwambia yote. Sikuweka sukari.

Hakulia. Aliniomba nirudie maneno ya karani, nikarudia. Kisha akainua dole gumba lake la kulia akaliweka karibu na uso, kama linaweza kumwambia kitu.

"Wino alinipaka yeye," alisema. "Halafu akanifuta kwa kitambaa chenye maji, taratibu, mpaka kwenye ukucha. Nikasema moyoni, huyu mtoto wangu ana huruma."

Akarudi kwenye soksi. Akakosea jozi moja, akaifungua, akaanza tena.

"Kesho tunakwenda, Bibi. Saa nne tuwe mlangoni."

"Tutakwenda. Gauni lake je?"

"Bibi."

"Ulilipokea au hukulipokea?"

"Yeye alipokea karatasi zetu akazitupa."

"Mmoja ameshavunja. Wewe unataka mwe wawili?" Sauti yake haikupanda. "Ofisi inafungua saa nne. Amka alfajiri, piga pasi, saa tatu umempelekea, saa nne tuko kwa karani wako. Muda upo. Usinitafutie sababu."

Kweli muda ulikuwepo. Nililala nikiamini hivyo. Wenzangu wa chuo walikuwa wakinitania kwamba mimi naweza kuiangalia mvua inanyesha ndani ya nyumba nikasema angalau mimea ya dirishani itapata maji.

*

Ijumaa asubuhi nilichomeka pasi, ikapata moto vizuri, nikatandika gauni mezani. Lilikuwa la hariri nzito rangi ya maziwa, mikono mirefu, na chini marinda membamba yaliyopangana kama kurasa. Nilikuwa nimemaliza mkono wa kwanza pasi ilipopoa mkononi.

Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima.

Nilisubiri. Jirani akapiga kelele dirishani kwamba nguzo imeanguka, mafundi wameitwa. Nikasubiri tena kidogo, kijinga, nikiitazama taa. Kisha nikapanda juu ya meza nikashusha kutoka juu ya kabati pasi ya mkaa ya Babu, ambayo ilikuwa inazuia mlango tu siku za upepo.

Nilikuwa uani napuliza mkaa, majivu yamejaa kwenye nyusi, pale shuka la geti lilipofunuliwa. Baba Mdogo akaingia, kavaa suti ya harusi, funguo za teksi ya mtu zinazunguka kidoleni.

"Nimesikia," alisema. "Ni kweli dada kauza nyumba?"

"Ni kweli."

"Yote?"

"Yote, Baba Mdogo. Na uwanja."

Akakaa kwenye ndoo iliyofunikwa. Alionekana kama mtu aliyepitwa na mtoto kwenye mbio. "Mimi miaka yote hii nimeishia kwenye geti."

Sikupenda kucheka. Nilicheka, nikapaliwa na moshi.

"Mlinifungia mimi milango," alisema. "Mimi nauza mchana kweupe, kila mtu anaona. Ningekuwa mwizi wa kweli mngeniweka kuwa mdhamini." Akavua koti, akalitundika kwenye kamba, akapiga magoti mbele ya jiko na suti yake. "Lete hicho kipepeo cha moto. Unapuliza kama unapoza uji."

Mkaa ulishika haraka mikononi mwake. Alipojua habari ya saa nne na saa sita, alinyoosha shingo kuangalia jua.

"Acha hilo gauni. Twende ofisini sasa hivi, utampelekea baadaye."

"Anafunga ndoa saa tano."

"Atavaa lingine."

"Nilisema nimepokea, Baba Mdogo."

Aliweka kipepeo chini. Alipouza mashine ya kukamulia ilikuwa na shuka za watu ndani, huyu, lakini hata siku ile alizitoa shuka kwanza, akazianika. Alikwenda kumvalisha Bibi viatu.

Pasi ya mkaa haina haraka. Ukibonyeza sana inaacha kivuli, ukitikisa inatema cheche, na hariri haisamehe. Nilitandika kitambaa chenye maji juu ya kila rinda, nikakandamiza, nikanyanyua, nikafuta majivu, nikaendelea. Kila rinda nililomaliza nilikuwa nalichukia na kulipenda. Nilimwona Bibi mlangoni, kashika mkoba wake kwa mikono miwili, viatu vyake vya kanisani miguuni. Hakuniharakisha. Hilo lilikuwa gumu zaidi.

Nilifika kwenye marinda ya ndani, yale ambayo hata aliyevaa hayaoni. Saa nne ilikuwa imekwisha kupita. Ningeweza kuyaacha. Nani angejua?

Yeye angejua. Ndiye aliyenifundisha kuyapiga.

Nilipomaliza la mwisho, nilivuta droo ya nyuzi. Rangi zote zilikuwa na watu wake: nyekundu ya mchinjaji, buluu ya mwalimu mkuu, kijani, zambarau. Ilibaki ya chungwa, ambayo Babu hakuwahi kumpa mteja yeyote kwa sababu alisema rangi hiyo ina kelele. Nikageuza ukosi wa gauni, nikashona kwa ndani pembe tatu ndogo. Nikajichoma, nikakinyonya kidole nisije nikaitia hariri damu.

Bibi alipapasa gauni kabla sijalifunika, kama anavyopapasa kila nguo inayotoka. Vidole vyake vikafika kwenye ukosi, vikasimama.

"Hii nini?"

"Alama yake."

Akaifuata pembe tatu kona kwa kona. "Sisi hatuna alama," alisema polepole.

"Ndiyo, Bibi."

Alivuta pumzi kama mtu anayetaka kusema jambo refu. "Haya," alisema. "Nipe mkono. Twende."

*

Baba Mdogo aliendesha kama mtu ambaye gari si lake. Nilikaa nyuma na Bibi, gauni limelazwa juu ya mapaja yetu wote wawili, joto lake likitupenya. Ndani ya mkoba wa Bibi ilikuwamo nakala ya dhamana yangu nzuri, yenye kifungu cha kamba za nguo.

Ofisi ya ardhi tuliipita njiani. Mlango ulikuwa wazi, foleni imefika barabarani. Baba Mdogo alipunguza mwendo, akanitazama kwenye kioo. Bibi, ambaye haoni, aliuliza kwa nini gari linatambaa.

"Hakuna kitu, Bibi," nilisema. "Baba Mdogo, twende."

Tulifika kwa Shangazi saa tano inakaribia kugonga. Injini haikuzimwa. "Ingia, toka," Baba Mdogo aliniambia. "Usikae hata kwa dua."

Niliingia. Shangazi alikuwa peke yake, amevaa shumizi, nywele zimesukwa, mikono magotini. Sijui alikuwa amekaa hivyo tangu saa ngapi. Aliponiona na ule mzigo mweupe mikononi, kitu kilipita usoni mwake ambacho sikupata muda wa kukisoma.

"Umechelewa," alisema.

"Umeme ulikatika."

"Ukatumia mkaa?"

"Mkaa."

"Bibi yako yuko wapi?"

"Nje, kwenye gari. Tunakwenda kule nilikokuambia."

Akatazama saa ya mbao ukutani. Nami nikaitazama: imebaki saa moja tu kabla ofisi haijafunga. Zawadi ya fundi saa, isiyojua kuchelewa.

Nilitundika gauni mlangoni, nikaondoa shuka. Na hapa ni lazima niwaambie desturi ya mwisho ya nyumba yetu. Zamani mteja mmoja alimsingizia Babu kumpotezea kifungo cha dhahabu, mtaa mzima ukamwita mwizi. Tangu siku hiyo dobi wa nyumba yetu akirudisha nguo husema "kagua," na hamgeuzii mteja mgongo mpaka mteja aseme "nimeridhika." Hata iwe mvua, hata nyumba iwe inaungua. Shangazi ndiye aliyenifundisha hilo, amenisimamisha mbele ya kioo, mikono mbele, kidevu juu.

Nikaweka mikono mbele.

"Kagua," nilisema.

Alisimama. Alianza na mikono ya gauni, akaja kifuani, akashuka kwenye marinda. Alipiga magoti akayafunua ya ndani, moja baada ya jingine, akayanusa kama yana majivu. Hakuharakisha na hakuchelewesha. Alikagua kama anavyokagua siku zote. Kisha akasimama, akageuza ukosi.

Kidole chake kikagusa uzi wa chungwa.

Nje, Baba Mdogo akapiga honi.

Shangazi hakuinua uso. Kidole kikazunguka ile pembe tatu, kikafika mwanzo, kikazunguka tena. Kovu lake lilikuwa limegeukia kwangu. Neno moja tu lilibaki, na alijua kwamba bila hilo sitoki. Alijua kuliko mtu mwingine yeyote duniani.

Honi ikalia mara ya pili, ndefu. Nikasikia mlango wa gari ukifunguliwa, na sauti ya Bibi ikiuliza kuna nini.

"Kagua, Shangazi," nilisema tena, taratibu.

Alikuwa ameshika ukosi kwa mikono miwili sasa, midomo imefungwa, na juu ya kichwa chake saa ya mbao ilianza kugonga. Sikujua kama anashindwa kusema au anakataa kusema.

Nikabaki nimesimama, mikono mbele, kidevu juu. Sikumgeuzia mgongo.